Bwana Kaimu, Zinki, Potasi na Ndoo Sita za Togwa

Leo, tarehe 31 Desemba 1959, Bwana Kaimu bin Amri, dresa, yaani mfunga vidonda, wa dispensari, anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini kamili ya kazi. Nasema jeupe kwa heshima tu. Koti lile lina madoa ya zambarau mbele, nyuma, na mahali ambapo hakuna ajuaye yalifikaje. Kamati ya hafla imeniomba mimi, Fatu binti Mohamedi, niliyekuwa mhudumu wake kwa miaka saba, niandike wasifu huu wa kusomewa wageni hapa Nambambo. Wameniomba niandike mazuri matupu. Niliitikia, lakini sikuapa.

Bwana Kaimu ni mzaliwa wa Marambo. Alianza kazi Lindi mwaka 1929, akiosha chupa za dawa na kusoma kila karatasi iliyobandikwa juu yake. Mwaka 1948, matrekta ya mradi wa karanga yalipokuwa yakiingia Nachingwea kwa kishindo, aliletwa kuwafunga vidonda vibarua. Karanga ziligoma, matrekta yakaondoka, Bwana Kaimu akabaki. Alipewa dispensari ndogo upande wa Nambambo: chumba kimoja, baraza moja, na benchi lenye miguu mitatu na tofali.

Chupa mbili alizipenda kuliko zote. Moja ilikuwa na chembe za zambarau za kuoshea vidonda, dawa ya ukoo wa potasi. Chembe chache tu zinageuza rangi beseni zima la maji, pamoja na dresa mwenyewe. Ya pili ilikuwa marhamu nyeupe ya zinki, ya vipele na mikwaruzo. Enzi zake hapakuwa na mtoto wa Nambambo aliyechubuka matako kwa mkojo. Walitambaa uani na makalio meupe, na mama zao wakajivuna.

Lakini sifa yake hasa ilikuwa kusomesha. Ukija na jipu utaondoka umelifunga, na umesikia pia habari za potasi. Alitufundisha kwamba moyo na misuli haviendi bila hiyo, na kwamba mtu akiharisha sana potasi yake humtoka, ndiyo maana hulegea kama kamba iliyolowa. Dawa yake, alisema, Mungu ameiotesha uani kwetu: ndizi, viazi vitamu, mbaazi, majani ya kunde. Mzee mmoja wa figo mbovu, miguu imemvimba, alikuja na mkungu mzima mabegani ili apone upesi. Bwana Kaimu akaugawa mkungu kwa waliokaa benchini, akamweleza mzee kwamba figo zikichoka potasi hukosa pa kutokea, ikalundikana na kuusimamisha moyo. Kila kitu na kiasi chake. Mzee alielewa, ila ndizi zake hajazisahau hadi leo.

Zinki ndiyo iliyotupa taabu. Mwaka 1956 Bwana Kaimu alisoma katika jarida la waganga wa mifugo kwamba mnyama fulani, akikosa zinki kwenye chakula, ngozi yake hukakamaa na kupata magamba, naye hudumaa. Akipewa zinki kidogo, hunawiri. Mnyama huyo alikuwa nguruwe. Sasa usimame mbele ya Jumbe wetu Mikidadi na wazee wa msikiti, uwaambie afya yao umeitoa kwa nguruwe! Bwana Kaimu alisema “mnyama mmoja ambaye si lazima tumtaje”. Baraza likaacha zinki, likaanza kumtafuta mnyama. Jumbe akakata shauri kwamba ni kiboko.

Mwisho wa somo hilo alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa binadamu wataalamu bado wanachunguza, lakini yeye anaona nyama, samaki, ufuta na korosho havitamdhuru mtu. La pili, alinyoosha kidole kwenye ndoo ya bati mlangoni, akasema ule mng'aro wake ni zinki iliyopakwa ili chuma kisishike kutu. Angeishia kwenye ufuta, wasifu huu ungekuwa mfupi.

Wiki mbili baadaye aliolewa Zaitun, binti wa kaka yangu. Harusi kwetu ni togwa, na togwa ya mtama inalala kwenye vyungu mpaka ikolee uchachu. Safari hii iliwekwa kwenye ndoo sita mpya za bati, zilizonunuliwa katika mabaki ya kambi ya karanga, ikalala humo siku mbili ili wageni wapate na afya juu ya shibe. Ilikuwa na ladha ya kulamba msumari. Wageni wakasema ndiyo nguvu yenyewe, wakaongeza. Jumbe Mikidadi, kwa kulinda cheo chake, alikunywa kata tano.

Haikupita saa moja, harusi ikageuka. Watu arobaini na watatu walikuwa wakitapika mpaka nyongo. Bwana harusi, Jumaa, alikuwa nyuma ya nyumba amekumbatia mkorosho. Wapiga ngoma waliacha ngoma zao katikati ya wimbo. Mzima alikuwa bibi harusi peke yake, kwa kuwa haya ilimzuia kunywa, na siku yake ya kwanza ya ndoa aliimaliza akimshikia mama mkwe kichwa. Mama mkwe yule hasikii la mtu juu ya Zaitun mpaka leo.

Bwana Kaimu alichelewa kufika kwa sababu ya mgonjwa. Alionja tone moja, akatema, akauliza togwa imelala kwenye nini. Alipooneshwa ndoo alishika kichwa. Uchachu wa togwa umekula mng'aro wa bati, na zinki ikizidi tumboni ni sumu. Basi akavua kanzu ya harusi, akavaa koti. Wagonjwa walipewa maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, yenye sukari na chembe ya chumvi. Matumbo yalipotulia zikafuata ndizi mbivu na mchuzi wa majani ya kunde, kurudisha potasi iliyopotea. Asubuhi wote arobaini na watatu walikuwa hai, na wote walikuwa na hasira. Jumbe aliapa mbele ya mashahidi kwamba dawa ya Kaimu haitamgusa tena.

Hapo sasa msomaji ujue jambo moja. Mwezi ule ule Bwana Kaimu alikuwa anangoja barua ya kupandishwa kuwa mganga msaidizi. Alikuwa ameisomea miaka kumi, kwa taa ya kibatari, na jina lake lilikuwa limekwisha pelekwa. Mashitaka ya Jumbe yalifika Nachingwea kabla barua haijatoka. Mkubwa wa afya akaja, akatupanga barazani, akauliza ni nani aliyewaambia watu waweke togwa kwenye ndoo za bati. Kisha Bwana Kaimu akapiga hatua mbele.

“Somo ni langu, Bwana,” alisema. “Mwanafunzi akikosea, mwalimu ndiye hakueleza vizuri.”

Barua haikuja. Ilikuja nyingine, ya kumhamishia Likunja, huko Ruangwa. Alifunga godoro na vitabu kwenye baiskeli, akaondoka. Amefanya kazi huko miaka mitatu, na leo anastaafu akiwa na cheo kile kile cha dresa.

Likunja walimpenda kuliko sisi, maana hawakuwa wamekunywa. Mwaka 1957 Jumbe Mikidadi aliugua macho, yakawa mekundu na kutoa tongo, dawa za miti zikashindwa. Akameza kiapo chake, akapanda baiskeli siku nzima mpaka Likunja. Alitiwa matone kwa siku saba akarudi anaona vizuri, akitutangazia kwamba Kaimu ameacha ile zinki yake mbaya na kupata dawa ya maana. Jumbe wetu, nakuheshimu sana, na najua umekaa safu ya mbele. Matone yale yalikuwa ya zinki. Na yule mnyama hakuwa kiboko.

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nami nimeficha langu miaka mitatu. Bwana Kaimu hakumwambia mtu hata mmoja aweke togwa kwenye ndoo. Aliyezinunua ndoo zile, aliyeimimina togwa ya harusi ya Zaitun kwa mkono wake huku akijiona msomi, ni mimi Fatu. Alikuwa amenifundisha kusoma maandishi ya kwenye chupa, nikadhani nimeshakuwa daktari. Nilimweleza siku ile ile, nalia. Alinituma nikachemshe maji. Siku ya barazani nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema, naye akaniwahi, kwa sababu alijua mimi ni mjane mwenye watoto watatu na kibarua kisicho na barua, na kwamba jioni ile ile ningefukuzwa. Alinikataza kulitaja maadamu yuko kazini.

Kuanzia leo hayuko kazini. Basi naliandika, na kamati wakitaka kulifuta wafute kwa wino wao.

Bwana Kaimu, ulinipa herufi, nami nikakulipa kwa kukunyima cheo. Naumia kwa hilo kila ninapochota maji. Asante kwa matako meupe ya watoto wetu, kwa ndizi, kwa macho ya Jumbe, na kwa ile hatua moja uliyopiga mbele. Zaitun amepika togwa ya kukuaga, nami nimekatazwa kuisogelea. Nenda salama Marambo, Mungu akupe uzee mwepesi na ufuta usiokwisha ghalani, na kila togwa utakayokunywa maisha yako yote itoke kwenye chungu.