Mpango wa Kuhesabu Soko la Kafalbote

Benchi la mkahawa wa Didi Mankumari limeegemea ukuta wa ofisi ya wadi, hatua ishirini kutoka soko la Kafalbote, na kila Jumanne ya soko watu watatu hulikalia kana kwamba wamelirithi. Kuna Lahure, aliyekuwa askari miaka kumi na tisa na mpaka leo anapiga chafya kwa amri. Kuna Redio, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo limempita. Na kuna Kalenda, mwenye kitabu cha siku njema na siku mbaya, hanyoi ndevu mpaka akifungue. Wa nne ni mimi, Tilbikram, karani wa soko. Jumanne hiyo nilikuwa na karatasi kutoka wilayani. Ilisema hivi: Jumanne ijayo watafiti watapanda kuja kulichunguza soko letu, kesho yake watalichunguza la Lasune ng'ambo ya mto, na litakaloonekana kuwa soko hasa ndilo litakalojengewa ghala la kuhifadhia tangawizi. Sisi tulitakiwa kupendekeza tu: waanzie wapi, saa ngapi, waongee na nani, na swali gani waulize. Gari la abiria la dereva Dorje lilikuwa linashuka wilayani saa sita mchana, na karatasi ishuke nalo.

Mwenye shida na ghala hilo hasa alikuwa Didi mwenyewe. Mwaka jana vikapu kumi na moja vya tangawizi yake vilioza chini ya turubai nyuma ya jiko, sisi tukinusa na kunywa chai. Mumewe yuko Malaysia, simu yake inaita mara moja kwa mwezi. Didi ameshaapa: ghala likienda Lasune, halimi tena, anafunga mkahawa na kuteremkia Itahari kwa dada yake. Tulipolisikia hilo hatukulala. Tutakunywa chai kwa nani?

Tatizo ni kwamba soko letu halina mazao. Watu wanalima, tena sana, lakini Sahuji Mangal hukaa na mizani yake kwenye kona ya juu tangu alfajiri, na kila kikapu kinachoshuka mlimani hukinunua palepale njiani. Mkulima akifika sokoni kikapu kitupu, anatafuta chumvi. Ukija saa nne utakuta mwuza mitego ya panya mmoja na wauza kandambili saba. Mgeni anaweza kudhani hapa kwetu tunalima kandambili.

Mimi: Haya, wazee. La kwanza. Watafiti waanzie wapi?

Lahure: Wasianze popote kabla sijapanga vikosi.

Mimi: Vikosi vya nini tena?

Lahure: We Tilbikram, shule ulikwenda kufagia? Adui ni nani? Sahuji. Yuko wapi? Konani. Basi alfajiri ya Jumanne naweka vijana wanne, wanafunga njia juu ya kona. Mkulima akitokea, hauzi! Anapelekwa sokoni na mzigo wake, kushoto kulia, kushoto kulia.

Redio: Utawazuia na nini, bunduki?

Lahure: Filimbi.

Didi: Ile filimbi ya shule uliyoikalia ikapasuka?

Lahure: Didi, mambo ya jeshi hayo, wewe mimina chai.

Didi: Namimina. Glasi ya tatu hiyo, na vita bado hata havijaanza.

Niliandika "kufunga njia" kwa penseli, polepole, nikitumaini itafutika kirahisi. Lakini nakiri wazo lilinikaa. Nililiona soko letu limejaa, tangawizi rundo hapa, pilipili rundo pale, na mate yakanijaa mdomoni.

Redio: Wakulima wetu wakija wote hawafiki mia. Lasune wana watu zaidi.

Lahure: Nimeshalifikiria. Mkulima akihesabiwa, anazunguka nyuma ya shule, anabadilisha kofia, anaingia tena na kikapu kilekile. Watu mia, kofia mbilimbili, hao mia mbili. Kofia tatutatu...

Didi: Na mimi nikihesabiwa mara tatu, tangawizi yangu itaoza mara tatu?

Kalenda alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Redio hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayebeba siri nzito, akasogea katikati.

Redio: Mnapoteza muda na kofia. Siku hizi hawahesabu kwa macho.

Kalenda: Wanahesabu kwa nini, kwa magoti?

Redio: Kwa kidege. Kidogo hivi, hakina rubani. Kinapita juu kinavuma kama nyuki, kinapiga picha, wao wamekaa zao hotelini wanakula wali. Nimesikia Lasune wameshajua, wametandaza mahindi juu ya mapaa yote.

Mimi: Umesikia kwa nani?

Redio: Nimesikia.

Lahure: Hapo sasa! Mashambulizi ya anga. Tunatandaza uwanja mzima wa mpira. Mahindi upande huu, pilipili upande ule.

Redio: Pilipili ndiyo yenyewe. Kwani mnadhani huu utafiti ni wa ghala? Wanazitaka pilipili zetu za mviringo. Wanasaga, wanatia kwenye mabomu. Unalirusha, adui analia mwenyewe, anaita mama.

Lahure: Kweli kabisa! Mimi nililia miezi miwili mpakani.

Didi: Ulilia kwa sababu ulikuwa unataka kurudi nyumbani.

Lahure alitazama milima. Sisi tukatazama glasi zetu kwa adabu, maana ilikuwa kweli. Kisha Kalenda akafungua kitabu chake, akapitisha kidole, akaguna. Akiguna hivyo, ujue kuna mtu siku yake imeharibika.

Kalenda: Nasikitika. Jumanne ijayo ni mbaya.

Mimi: Mbaya kwa nini?

Kalenda: Kwa kuanza jambo lolote. Nyota zimegeuza migongo. Mtafiti akianza kazi siku hiyo, kalamu itakauka wino, gari litapata pancha, na atakayehojiwa kwanza ataharisha.

Mimi: Siku tumepangiwa na wilaya, Kalenda. Na soko letu ni Jumanne tangu babu zetu. Tukisogeza tunakosa vyote.

Kalenda: Nani kasema tusogeze? Baba yako alipokwenda Assam siku mbaya, alifanyaje?

Mimi: Alipeleka begi lake kwa jirani siku njema iliyotangulia, likalala huko. Safari ikahesabika imeshaanza.

Kalenda: Basi! Jumapili ni njema mno. Waambie watafiti walete begi Jumapili, lilale kwa jirani wa ofisi ya wadi. Jumanne wakija, utafiti una siku ya tatu tayari.

Redio: Na wasipolileta begi?

Kalenda: Tutalaza la kwetu. Begi halina kabila. Tunatia ndani karatasi, penseli, na tangawizi moja ili ijue njia ya ghala.

Nisinyamazie ukweli: nilicheka, halafu nikaandika. Nikaandika begi, nikaandika kofia, nikaandika uwanja wa mpira. Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, mimi nikageuza nyuma. Wenzangu walikuwa wamesimama sasa, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na hata wauza kandambili walisogea kutazama.

Redio: Na harusi! Mwezi wa harusi huu. Msafara wa bwana harusi upitishwe katikati ya soko, ngoma, tarumbeta, watu mia na hamsini, kila mmoja ameshika koliflawa!

Kalenda: Jumanne mbaya, hakuna harusi.

Redio: Mpwa wako anaoa Jumatano. Atangulie siku moja!

Kalenda: Aoe siku mbaya? Dada yangu atanichinja.

Redio: Nani kasema aoe? Atapita tu. Kavaa, kapanda farasi, kapita, karudi nyumbani kulala.

Lahure: Na farasi tunambebesha viazi!

Tulicheka mpaka benchi likaegemea upande mmoja. Didi naye alikuwa anacheka, kashika mbavu kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine, akasema kwamba koliflawa za harusi atazipika yeye. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu vile vikapu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Niliamini kabisa kwamba ghala ni letu.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mwisho wa benchi, doko lake, kikapu cha mgongoni, limesimama tupu miguuni, mkanda wa kubebea umeacha alama nyekundu kwenye paji la uso. Hatukumwona alipofika. Mapajani alikuwa na pakiti mbili za chumvi na madaftari.

Mwanamke: Dada, naomba chai. Samahani wakubwa zangu, hao wa filimbi ndio watakaonizuia mimi?

Lahure: Wewe hasa! Usiogope, ni zuio la heshima.

Mwanamke: Siogopi. Nataka kuelewa. Jumanne ijayo nisimuuzie Sahuji.

Lahure: Hata kipande!

Mwanamke: Nije hadi huku sokoni.

Redio: Na ukihesabiwa ubadilishe kofia.

Mwanamke: Shali. Kofia sina. Sawa, nitabadilisha shali. Ila Jumanne ya pili yake, watafiti wakishaondoka, nitamuuzia nani?

Aliuliza kwa upole tu, akipuliza chai yake. Lahure alifungua mdomo.

Lahure: Jumanne ya pili... kikosi kita...

Akainamia glasi yake.

Redio: Mimi nimesikia...

Mimi: Umesikia nini?

Redio: Sijasikia.

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Tukamgeukia Kalenda. Alikuwa anafunua kurasa haraka haraka.

Kalenda: Ni siku njema hiyo.

Mwanamke: Njema kwa nani, baba?

Kalenda akafunga kitabu.

Mwanamke: Sisemi kwa ubaya. Sahuji mizani yake inadanganya, tunajua sote, na bei yake inauma. Lakini mvua za mwaka huu barabara ilipokatika siku ishirini, alikuja kwa miguu na nyumbu wawili akachukua tangawizi yetu. Nikimruka Jumanne moja mbele ya watu, hatanunua kwangu tena. Siku zile za mvua wengine hawakuja kabisa. Sijui nyinyi mlikuwa wapi.

Didi: Walikuwa hapa hapa.

Didi alitua birika juu ya jiko, akafuta mikono kwa upande wa sari, akasimama mbele yangu.

Didi: Futa.

Mimi: Nifute nini?

Didi: Vyote. Kofia, kidege, begi, farasi.

Mimi: Didi, nikifuta watakuta kandambili. Ghala litakwenda Lasune.

Didi: Na wakikuta kofia, watajenga ghala la kofia. Nitaweka tangawizi yangu mle peke yangu, Sahuji bado yuko konani na mizani yake, halafu nimuuzie nani mimi? Si swali lilelile?

Nilijisikia vibaya, nataka kusema kweli. Kwa muda mfupi nilimchukia yule mama na chai yake, kwa sababu saa moja nzima tulikuwa na ghala vichwani mwetu na yeye alikuwa amelibomoa kwa sentensi moja. Halafu nikachukua kifutio.

Honi ya Dorje ililia. Niliandika juu ya goti. Waanzie wapi: kona ya juu, njiani, si sokoni. Saa ngapi: saa kumi na moja alfajiri, na wavae viatu vya maana. Waongee na nani: nikanyanyua kichwa.

Mimi: Jina lako nani, dada?

Mwanamke: Phulmaya.

Mimi: Wa kijiji gani? Sidhani kama nimewahi kukuona.

Phulmaya: Napita mbele ya benchi hili kila Jumanne, mwaka wa tisa huu.

Lahure, mwanaume aliyetaka kupanga vikosi, alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Niliandika jina la Phulmaya. Kwenye mstari wa nne, wa swali, niliandika lake kama alivyolisema, bila kuongeza hata nukta: Jumanne ya pili yake, watafiti wakishaondoka, nitamuuzia nani?

Niliwasomea. Didi aliitikia kwa kichwa, macho yamemlowa, akasema sasa hiyo ni karatasi. Redio akanong'ona kwamba Lasune watatucheka.

Phulmaya alimaliza chai, akapanga chumvi na madaftari ndani ya doko, akaweka mkanda kichwani.

Phulmaya: Kwa hiyo nyinyi hamjui.

Mimi: Hatujui, dada.

Phulmaya: Na hao wasomi wakija, wakaniuliza hilo swali langu mwenyewe, mimi niwajibu nini?

Honi ya pili ililia, ndefu, ya hasira. Nilimtazama Lahure, Lahure akamtazama Redio, Redio akamtazama Kalenda, na Kalenda akatazama njia inayopanda konani, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika alfajiri.