Vikombe vya Wengine: Wasifu wa Shangazi Yetu, Bi Inuka

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, marehemu alivisogeza mbali vikombe vya wenzake. Nyumbani alikitoa cha mumewe kando ya kiti, akakiweka dirishani. Wodini aliviondoa vya wagonjwa vitandani, akavipanga kwenye meza ya mwisho wa chumba. Hakueleza sababu. Mwenye kiu alijua pa kwenda.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1960, nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa fundi wa reli. Alipokuwa darasa la tano, baba yake aliumia mgongo kazini, akaambiwa alale asijisumbue. Alilala, na hakuinuka tena. Marehemu hakupenda kulisimulia hilo.

Alisoma shule ya msingi jirani na kituo, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Mwaka 1985 alihitimu stashahada ya tiba ya viungo, akaajiriwa katika wodi ya utengamao, ambako watu hujifunza upya kutembea baada ya ajali na maradhi. Alifanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2020. Hakumwinua mtu bila kumfunga mkanda kiunoni na kusimama ubavuni mwake. Hata hivyo alitukanwa sana. Dereva mmoja wa lori aliyevunjika nyonga alimfokea, "We mama, nipe chai yangu!"

"Ipo mezani, mzee. Bado ya moto."

"Nimevunjika mimi, siyo wewe!"

"Nyonga imeshaungwa. Zimebaki hasira tu. Haya, zilete huku mezani."

Dereva huyo aliondoka kwa miguu yake, akimsema mpaka getini. Wiki iliyofuata alirudi na sukari ya wodi nzima. Ndiye aliyembandika jina la Bi Inuka.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi cherehani aliyekuja kupima sare za wauguzi, akaambiwa na marehemu aweke futi chini ili mgonjwa apate bega la kushika. Walijaliwa binti na mwana.

Tarehe 17 Novemba 2022 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na katika maneno yote likabaki moja: "Ndiyo." Mumewe alimfunga mkanda kila siku, akamtembeza ukumbini kama alivyofundishwa. Kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ni baba wa mpwa wake anayesoma wasifu huu, hakuweza kutazama. Siku moja, marehemu akitembea huku machozi yakimtoka, kaka alimkabili mumewe.

"Shemeji, huyu ni mgonjwa, siyo kuruta. Mwache alale."

"Nimemuuliza kama tuendelee. Kasema ndiyo."

"Na mimi nimemuuliza kama anataka kulala. Kasema ndiyo!"

Wote wawili walisema kweli. Tangu siku ile walisalimiana kwa kichwa tu, na ukoo ukagawanyika nyuma yao.

Marehemu alifariki usingizini, Jumatano tarehe 14 Juni 2023, kwa kiharusi cha pili. Daktari alisema wazi kuwa mazoezi hayakumdhuru. Lakini tangu msiba uingie, jikoni na uani kumesemwa kwamba mume alimtembeza mkewe hadi kaburini. Maneno hayo yamemfikia mfiwa. Leo amekaa peke yake kwenye benchi la mbele.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wanne, kaka yake, na mpwa. Ameacha pia watu wengi ambao leo wamefika hapa kwa miguu yao. Alale salama, na udongo uwe mwepesi juu yake.

Limebaki jambo moja, ambalo familia haijalisikia. Jumatatu, siku mbili kabla ya kifo chake, mumewe alikwenda kufuata dawa, na mpwa wake ndiye aliyeshika mkanda. Wiki hiyo ulimi wa marehemu ulikuwa umeanza kufunguka, neno moja moja. Katikati ya ukumbi alisimama, uso umelowa machozi. Mpwa alimuuliza, "Shangazi, unaumia. Tuache?"

Aliyatafuta maneno. Kisha akasema:

"Naumia. Msiache."