Marcellin Uketi, Aliyerekodi Sauti za Wazazi wa Bunia

Kaka yetu Marcellin Uketi alizaliwa Kpandroma tarehe 9 Machi 1968. Alisoma sekondari Fataki, kisha akajifunza kompyuta Kampala. Mwaka 1995 alifunga ndoa na Anastasie, wakajaliwa Clémence na Espoir.

Tangu 2001 alikuwa fundi wa redio ndogo hapa Bunia. Mtambo wa kurusha uliendeshwa na betri za gari, maana mafuta ya jenereta yalikuwa ya kubahatisha. Kompyuta ya kubeba ilikuwa moja, kuukuu, na betri yake haikufikisha saa nzima. Marcellin aliiwekea mfumo mwepesi wa Linux, akaondoa picha zote akabakiza maandishi, akapunguza mwanga wa kioo mpaka ukakaribia kuzimika. Betri ikadumu mara mbili. Mkewe alimtania: “Baba Clémence, weye unasoma giza?”

Mei 2003 tulikimbia vita. Barabarani, katika msukumano wa watu, Clémence akapotea. Alikuwa na miaka sita.

Tuliporudi, Marcellin alianza kurekodi wazazi wakiwaita watoto wao. Alisema mtoto mdogo huenda asijue jina la ukoo, lakini sauti ya mama yake anaijua. Kila jioni redio ilizirusha sauti hizo kutoka kompyuta ile. Ya Anastasie aliiweka mwisho, kwani aliona aibu kujitanguliza. Mara nyingi betri ilikwisha kabla haijafikiwa. Alirudi kuihangaikia ile mashine, akapata dakika chache zaidi, na kesho yake mlangoni walikuwa wamefika wazazi wengine. Hakuweza kuwafukuza. Sisi nyumbani tulimkasirikia sana, na alikuwa amechoka mno kubishana nasi.

Agosti alishikwa na homa, figo zikafuata. Alifariki hospitalini tarehe 2 Novemba 2003.

Jana, tukiandaa karatasi hii, wazee waliuliza kama Clémence aandikwe miongoni mwa waliobaki. Anastasie akasema: “Muandike. Hakuna mutu alinionyesha kaburi yake.”

Basi, marehemu ameacha mjane wake Anastasie, mwanawe Espoir, mimi dada yake Valérie, na binti yake Clémence. Kuanzia leo jioni redio itaanza na sauti ya mama yake.

Lala kwa amani, kaka. Kumuita tutaendelea sisi.