Bi. Scola Ntakiliho, Fundi wa Sisi wa Katikati

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya utumishi katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, Bi. Scola Ntakiliho, ambaye wengi tunamwita Mama Polycarp, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya jarida la watumishi ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, watu wanne walinyoosha mikono. Mimi, Kudra wa Kumbukumbu, nilishinda kwa sababu mafaili yote yako kwangu, na pia kwa sababu niliongea kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Nina furaha kiasi kwamba kalamu inanikimbia, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Bi. Scola alizaliwa Kagunga mwaka 1966, mtoto wa nne kati ya tisa, kwa baba aliyeshona nyavu za wavuvi na mama aliyelima mihogo. Cherehani alifundishwa na masista. Aliajiriwa hapa Aprili 1993 kama fundi msaidizi, akapewa cherehani ya kukanyaga kwa mguu na mlima wa mashuka. Kila asubuhi tangu hapo amefungua chumba kile saa moja na nusu, akimsalimu kila apitaye kwa Kiha, "Mwakeye," awe Mha au ametoka Lindi, na wote wamejifunza kuitikia.

Sifa zake zilianza mapema. Mwaka 1998 mgonjwa mmoja wa Ujiji aliruhusiwa kurudi nyumbani, akakataa kuvua gauni la wodini. Alisema tangu azaliwe hajawahi kukaliwa na nguo vizuri namna ile. Faili la mama huyo ninalo kabatini. Gauni halijarudi hadi leo.

Hapa sina budi kueleza sisi wa katikati ni akina nani, maana wembamba hawatujui na mabonge hawatutaki. Dukani kule Mwanga, nguo za kawaida zinaishia pale nyonga zetu zinapoanzia. Ukivuka barabara kwenda duka la mabonge, gauni linakumeza, bega linashuka hadi kwenye kiwiko, na muuzaji anakuletea mkanda ujifunge kama robota la mitumba. Mmoja aliwahi kunishauri nichague moja, ama nipungue kidogo ama ninenepe kidogo, ili naye apate namna ya kunisaidia. Nilimshukuru kwa adabu nikaenda zangu.

Kwenye mitumba yenyewe hali ni ile ile. Siku ya kufungua robota unafika alfajiri, unapigana vikumbo, unashika gauni zuri hasa, lenye kola na vifungo vya lulu, gauni la kumfaa mtangazaji wa televisheni. Unalijaribu juu ya nguo zako na linakwama pale pale linapokwamaga. Ukiwa bado unalivua, mwanamke mwembamba aliye nyuma yako ameshalishika upindo. Nimelia mara moja tu maishani kwa sababu ya nguo, na ilikuwa siku hiyo. Nilikuwa sitaki chakula, sitaki pole, nilitaka tu kupendeza kama watu wengine.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini chumba cha Bi. Scola kilikuwa kwetu mahali pa faraja. Yeye hakuwahi kumwuliza mtu saizi yake. Futi ilining'inia shingoni mwake kila siku, lakini ilikuwa ya mashuka na mapazia tu. Watu aliwapima kwa uzi wa nyavu kutoka Kibirizi, ule ambao ukiuvuta haurefuki. Alikuzungushia uzi, akafunga fundo moja la kifua, mafundo mawili ya kiuno, matatu ya nyonga, kisha akautia kwenye bahasha ndogo ya kaki ya kuwekea vidonge na kuandika jina lako juu. Hakuna namba iliyotajwa, na hakuna namba iliyoandikwa popote.

Sababu ya kufanya hivyo alitusimulia mwenyewe bila kujihurumia. Mwaka 1995 alimpima muuguzi mmoja kwa futi mbele ya wenzake, akasoma kipimo cha nyonga kwa sauti ili fundi mwenzake aandike. Kufikia mchana namba ile ilikuwa imeshafika jikoni, mapokezi na getini. Muuguzi yule aliomba uhamisho na hakuaga. Bi. Scola anasema hajawahi kushona gauni baya kuliko kipimo kile, na hadi leo akilisimulia jambo hilo uso wake hubadilika. Alikwenda Kibirizi Jumamosi ileile akanunua uzi.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2024. Kwa ajili ya Siku ya Wanawake, utawala uliamua kwamba mwaka ule wanawake arobaini na sita wa hospitali wavae magauni ya dukani, yaliyoagizwa kwa simu. Nia ilikuwa njema. Kazi ya kukusanya saizi ilimwangukia Ndugu Hamdani, afisa ugavi wetu, mtu mpole aliyehamia hapa kutoka Lindi. Hamdani aliona aibu kumzungushia mke wa mtu futi, na kwenda kumwuliza Bi. Scola kuhusu bahasha zake aliona ni kuvunja siri za watu. Akapitisha fomu, kila mmoja ajaze mwenyewe.

Fomu ile nimeihifadhi, na ni hati ya kuchekesha kuliko zote kabatini mwangu. Wachache tu ndio walioandika saizi zao. Wengine tuliandika tulizozitamani au tulizozihofia. Mimi niliandika L, niliyokuwa nikiivaa mwaka nilioajiriwa, nikiamini hadi Machi mambo yatakuwa yamejirekebisha. Muuguzi mkuu wetu, Dada Frida, ambaye naye ni wa katikati, aliandika XXXL kwa hoja kwamba nguo hurudi ikifuliwa.

Magauni yalifika Jumanne tarehe 5. Kwa kweli yalikuwa mazuri! Yalikuwa ya zambarau iliyoiva, kitambaa kizito kinachong'aa kwa mbali, kola imesimama, mikono imekatwa kwa ustadi. Tuliyapokea kwa vigelegele. Kisha tukayavaa, na vigelegele vikakoma. Kumi na saba tulibanwa. Kumi na wanne walipwaya, Frida akiwa wa kwanza. Alisimama ndani ya lake tukamwona kichwa tu. Zipu yangu ilipanda hadi mgongoni, ikasimama, na haikukubali ushauri wa mtu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimechaguliwa kuwa mshereheshaji uwanjani siku hiyo, kusimama mbele ya mkoa mzima na kipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni. Nafasi ile niliitaka tangu nilipoajiriwa. Miaka yote niliikwepa mwenyewe, mwaka huu kwa zamu, mwaka ule kwa malaria, na sababu ya kweli ilikuwa moja tu, sikuwa na nguo ya kunisimamisha mbele za watu. Nilikwenda chumba cha ushonaji gauni likiwa mkononi, nikamwamkia Bi. Scola, nikamwambia kwamba Ijumaa nitaumwa, na kwamba Frida atafute mshereheshaji mwenye mwili ambao maduka yanaufahamu.

Bi. Scola alivua miwani, akalitazama gauni ndani na nje, kisha akanitazama mimi.

"Mwili wako haujakosea kitu, Kudra," alisema. "Aliyekosea ni aliyekata kitambaa bila kukuona. Nenda kaniitie waliobanwa na waliopwaya, wote."

Kilichofuata nakiandika huku nikitabasamu peke yangu ofisini. Alizitoa bahasha kwenye sanduku, akalaza kila uzi juu ya gauni la mwenyewe, na katika dakika chache akaona kile ambacho sisi tuliokuwa tukilalamika hatukukiona. Kitambaa kilikuwa kimoja, kilichozidi kwa hawa kilikuwa kimepungua kwa wale. Magauni yaliyopwaya yakapunguzwa hadi yakawakaa wenyewe vizuri, na vipande vilivyokatwa vikaingia kwenye yaliyobana. Wala hakuvificha ubavuni kama kiraka. Aliviweka kwa mistari miwili mirefu kutoka begani hadi kwenye pindo, mbele na nyuma, akaipamba kwa mshono wa uzi wa dhahabu, gauni likaonekana limebuniwa hivyo tangu mwanzo. Ziada ya Frida ndiyo iliyoingia kwenye gauni langu, na tangu siku hiyo tunaitana pacha.

Winfrida, msaidizi wake tangu 2019, hakuinuka kwenye cherehani siku mbili nzima isipokuwa kwa chakula. Ndugu Hamdani alikuja mwenyewe, majuto yamemjaa usoni, akaomba kazi yoyote, akapewa pasi. Tunamshukuru hapa kwa maandishi. Mishono ilinyooka sana, na tumemsamehe ile fomu.

Alhamisi saa tisa alasiri nililivaa. Zipu ilipanda hadi juu bila kusimama njiani. Nikageuka kwenye kioo nikaona mwanamke amependeza, na ilinichukua muda kumtambua. Kesho yake nilisimama uwanjani kutwa nzima na sikulivuta gauni lile chini hata mara moja. Nilitania wageni, nilicheza ngoma, na nilipita mbele ya jukwaa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wanawake wa ofisi nyingine walinifuata kuuliza duka, na Jumatatu wenzetu wembamba walipanga foleni kwa Bi. Scola wakidai nao wawekewe mistari. Utawala ukatoa agizo kwamba kuanzia sasa sare yoyote itakayonunuliwa ipitie kwanza chumba cha ushonaji. Agizo hilo bado linafanya kazi.

Yapo mengi mengine ambayo kurasa hizi hazitoshi. Amefundisha mafundi wanane. Amepanda boti za Kibirizi kwenda Kagunga mara zisizo na idadi, akarudi na vitenge vilivyochaguliwa kwa jicho ambalo halijawahi kutuangusha, na kila mara alijua kipi cha nani. Wakati wa kipindupindu alishona mashuka mia tatu kwa wiki moja, na hilo halitaji mpaka aulizwe.

Mwezi uliopita ilifika zamu ya makabidhiano. Cherehani tatu, mikasi, pasi na meza vilihesabiwa vyote na Winfrida akasaini kuvipokea. Ilipofika kwenye sanduku la bahasha, Bi. Scola aligoma. Alisema vile si vifaa vya hospitali, ni vya wenyewe, na mwenyewe akitaka Winfrida awe na uzi wake, atampelekea kwa mkono wake. Akaniomba nizipange kwa alfabeti ili amrudishie kila mmoja. Zilikuwa mia moja kumi na nane. Nilizipanga, nikazipanga tena kuhakikisha, na ndipo nilipogundua kwamba ya Scola Ntakiliho haimo.

Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo tumemwona ndani ya koti la kazi la bluu, na chini yake sketi ya lastiki kiunoni. Nilipomwuliza alijibu kwa mzaha kwamba fundi huvalishwa na koti. Sikucheka, kwa sababu mzaha ule niliufahamu. Mimi mwenyewe niliishi nao miaka mingi. Wanawake wa hospitali tukaamua kwamba ataagwa ndani ya gauni lake, la kitenge cha manjano, litakaloshonwa na Winfrida. Alikataa siku tatu. Siku ya nne alikubali kwa sharti moja, apimwe na mimi, kwa kuwa natunza mafaili ya wagonjwa na sijawahi kutoa siri ya mtu.

Tulifunga mlango tukabaki wawili. Alivua koti akalikunja, akasimama katikati ya chumba alimopimia watu tangu mimi nikiwa shuleni, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aweke wapi mikono. Niliweka fundo la kifua vizuri. Nilipomzungushia uzi kiunoni, Bi. Scola Ntakiliho akavuta tumbo ndani na kuzuia pumzi, sawasawa na sisi wote.

Nikasema lililokuwa moyoni.

"Pumua, mama. Gauni ndilo litakalokufuata wewe."

Alicheka hadi machozi yakamtoka, akapumua, na uzi ukasogea upana wa vidole viwili. Hapo ndipo nilipofunga mafundo.

Mama Polycarp, kwa niaba ya watumishi wote, asante. Asante kwa mashuka, kwa sare, kwa siri zetu zote ulizozifunga bila kuzitaja. Gauni limekamilika na linakungoja. Winfrida amelipiga pasi na Hamdani amekatazwa kulishika. Nenda Ujiji kwa wajukuu, uamke utakapo, usimshonee mtu ila ukipenda mwenyewe. Mungu akujalie siku nyingi, zenye afya na vicheko, na nafasi ya kutosha kiunoni.