Koti la Baba Mkwe na Nafasi Moja ya Fundi

Kibaraza cha nyumba ya kina Mitra, kaskazini mwa Kolkata, hakina mwenyewe. Yaani mwenyewe yupo, ila alishachoka kuwafukuza. Kila alasiri wanakaa watatu wale wale na chai yao kwenye vikombe vya udongo: Kaka Mejo, mstaafu wa ofisi ya meli, kofia ya sufu imemziba mpaka masikio, na baridi yenyewe ya kusingizia tu; Lombu, ambaye ni mrefu hata akiwa amekaa; na Kanti Mnene, asiyetenganishwa na bajia. Siku hiyo walikuwa na mgonjwa wa kumtibu. Tukai, aliyeoa juzi, alisimama mbele yao ndani ya suti pana aliyopewa na baba mkwe, mikono mirefu mpaka vidole havionekani. Usiku ule kwao kulikuwa na karamu ya kumkaribisha bibi harusi, na wenzake wote wa ofisini walikuwa wanakuja. Ng'ambo ya kichochoro, Fundi Moinul alitoa kichwa dirishani, mkasi mkononi.

— Nina nafasi ya kazi moja tu kabla sijafunga! Nikate au nisikate?

Hapo ndipo Tukai alipokwama. Akikata, baba mkwe atakuja usiku aone zawadi yake imetiwa mkasi, na mzee yule moyo wake mwepesi, hakawii kununa. Asipokata, ofisi nzima itapata la kuzungumza mpaka mwakani.

— Geuka, akasema Kaka Mejo. Tena. Aisee! Mwanangu, koti ni mabega. Bega likiisha, koti nalo liishe. Hilo lako linaendelea na safari.

— Na mikono?

— Mkono wa koti ukomee kwenye kifundo, shati lichungulie kidogo. Sisi kule ofisi ya meli, ukija na mkono umefunika kidole, karani mkuu anakuuliza kama umeficha kitu.

— Acha zako za meli, Kaka Mejo, Lombu akadakia. Mambo ya siku hizi ni kubana. Unafunga kifungo, ukiona huwezi kumeza mate, basi limekaa.

— Nitakulaje?

— Nani kakwambia bwana harusi anakula? Wageni wakiona huli, watasema kijana ana adabu.

Kanti Mnene karibu apaliwe na bajia.

— Weee! Asile kwenye karamu yake? Tukai, usimsikilize huyu, yeye na ngongoti wamezaliwa siku moja. Suti ya harusi haikatwi kwa mwili ulio nao, inakatwa kwa mwili unaokuja. Mama mkwe anakulisha, mke anakulisha, shangazi zake wanakulisha. Nitazame mimi! Nilioa nikiwa kijiti.

— Hujawahi kuwa kijiti wewe, akasema Lombu.

— Muulize mke wangu!

— Nilimuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tukai naye alicheka, kisha akakumbuka hali yake na kuacha. Alijaribu kukunja mikono ya koti. Ikajikunjua.

— Nyinyi wote mmepotea njia, akasema Kaka Mejo, na sauti yake ikawa ya mkutanoni. Mtu wa Kolkata hana mabega sawa. Toka utotoni ananing'inia kwenye basi kwa mkono wa kulia. Mkono huo umevutika! Kwa haki, suti zetu zingeshonwa mkono mmoja mrefu.

— Huu wa kushoto je? Tukai akauliza. Nao umenizidi.

— Labda ulikuwa unabadilisha mkono.

— Jamani, mnasahau wakwe zake ni watu wa wapi, Kanti akasema, akijipangusa mafuta kwenye shali. Asili yao ng'ambo ya mto Padma. Kule maji yanaingia mpaka kitandani. Nguo zao wanakata pana makusudi. Suti ya watu wale lazima uweze kuogelea nayo.

— Kuogelea na suti!

— Na mkoba kichwani. Babu zao wote walikuwa hivyo.

— Basi akitaka kulijaribu koti, Lombu akasema kwa heshima zote, tumpeleke mtoni sasa hivi.

— Kazi moja! akafoka Fundi Moinul. Jua linazama!

Tukai alivua koti mkono mmoja, akalivaa tena. Alikuwa ameshakata shauri mara tatu na kubadilisha mara nne. Akafungua kinywa aseme "kata", ndipo akaona wazee wote watatu wamenyooka ghafla na kuweka vikombe chini.

Kaberi, mkewe, alikuwa nyuma yake, ushungi kichwani, shali zito limemfunika mabega mpaka kiunoni. Aliinama akagusa miguu ya Kaka Mejo, na mzee akambariki upesi upesi kwa aibu.

— Samahanini kaka zangu, nimewakatiza. Nina swali moja tu.

— Uliza, mama, uliza!

— Blauzi yangu ya usiku huu, akasema akimgeukia Tukai, ile mliyoshona huku kwenu, ilishonwa kwa kipimo cha nani?

Lombu alimtazama Kanti. Kanti aliitazama bajia. Tukai akatafuta kichwani: mama alimwachia shangazi mambo ya blauzi, shangazi alimwambia mtu, mtu gani?

— Kwa nini? akauliza. Imekubana?

— Haifungi kabisa. Mgongo wote ni pini, ndiyo maana nimevaa shali. Mchana huu umenipa sahani ya wali na sari mbele ya ukoo mzima, ukasema tangu leo chakula changu na nguo zangu ni juu yako. Nimekutafuta nyumba nzima. Kumbe uko hapa tangu saa nane.

Tukai aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alivuka kichochoro na koti lake pana, mikono ikipepea.

— Fundi, koti liache lilivyo. Kazi yako moja iwe blauzi.

— Mimi vipimo vya wanawake sichukui, akasema Moinul, akamrushia utepe wa kupimia. Mke ni wako. Mpime, unisomee.

Tukai alirudi, akaunyoosha utepe mbele ya Kaberi, akabaki ameushika hivyo hivyo.

— Kupima kunaanzia wapi? akawauliza wa kibarazani.

Wote watatu walikuwa wanakunywa chai.