Barafu Nayo Ipimwe

Risala ya marubani wa Kampuni ya Jefwa na Wanawe, kituo cha Mombasa, kwa Mwenyekiti wa kampuni, siku ya kufunguliwa ghala jipya la samaki, Makadara, 1995

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu Bwana Chonga Jefwa. Meneja wa Kituo, Bwana Ogutu. Wazee wa mtaa. Wapakiaji, mafundi, na akina mama mliotupikia tangu alfajiri: salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha Mombasa, ingawa huwezi kumkaribisha mtu kwao. Ghala hili bado lanuka rangi, na nyuma ya rangi lanuka samaki. Kwa harufu ya kwanza tunaomba radhi. Ya pili ndiyo inayotulisha sote, nawe ukiwemo.

Mimi ninayesoma ni Nicodemus Kiti, rubani msaidizi. Wenzangu wamenichagua si kwa uzuri wa sauti bali kwa kuwa, kati yetu tulio kwenye zamu, mkataba wangu ndio unaokwisha mapema zaidi. Waliona nina machache ya kupoteza. Maneno yenyewe ni yetu sote, tumeyapigia kura moja baada ya jingine.

TULIKOTOKA

Kampuni hii ilianza na lori moja la marehemu baba yako, Mzee Jefwa, likichukua samaki hapa Makadara na kuwapeleka bara. Wazee waliopo wanamkumbuka akisimama kando ya mizani mlangoni. Samaki wakiingia walipimwa, mvuvi akalipwa chake, akaenda zake. Barafu ilitiwa baadaye, lori likikaribia kuondoka. Mzee hakutaka mvuvi yeyote aambiwe kwamba ameuza maji kwa bei ya nguru. Ilikuwa desturi ya haki, na ndiyo iliyompatia jina zuri kuanzia Bondeni hadi Ngomeni.

Lori likizidiwa na barafu lilipanda mlima wa Mazeras likikohoa, basi. Hakuna aliyepata kufa kwa barafu ya lori.

Ilipokuja njaa ya Somalia ulinunua ndege mbili zenye umri mkubwa kuliko marubani wako wengi, na sisi tukaajiriwa. Tulichukua unga na maharagwe, tukalala juu ya magunia mahali ambapo hapakuwa na kitanda. Misaada ilipopungua ndege zikageuzwa za samaki. Lori lilistaafu, lakini desturi yake haikustaafu. Hata leo samaki hupimwa wakiingia wakavu, uzito huo huo ndio anaopewa rubani, na barafu hutiwa baadaye. Wahenga walituambia kwamba tukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyopaa hawakuvitaja, nasi tumeachiwa tuvitafutie methali wenyewe.

MAFANIKIO

Ofisi ilituelekeza tuandike kwamba tangu mwaka uanze hakuna safari iliyovunjika. Tumeandika. Ni kweli, isipokuwa safari moja, ambayo tutaifikia.

Aidha, hatujapoteza ndege. Tunalitaja hili kama mafanikio kwa sababu mafundi wetu huzihudumia kwa vipuri ambavyo mtu mwingine angeviuza kwa kilo. Kamba na pweza wa pwani hii wanaliwa Nairobi siku ile ile waliyotolewa majini. Tunaambiwa wateja wamefurahi sana.

MAISHA YETU

Mgeni rasmi, mtaani rubani ni tajiri. Huwezi kumwambia mtu vinginevyo. Mwenye nyumba akijua wewe ni rubani, chumba hicho hicho cha Bondeni, chenye bomba hilo hilo lisilotoa maji, kinapanda bei. Kapteni Wanza alipokwenda kwao Ukambani kupumzika, alikuta ameshaandikwa mgeni rasmi wa harambee ya kanisa. Alisimama mbele ya watu akatoa alichokuwa nacho, na mchungaji akasubiri na mkono wazi, akidhani huo ni utangulizi.

Ukweli ni kwamba tunalipwa kwa saa za angani. Magurudumu yakiacha ardhi, malipo yanaanza. Yakigusa ardhi, yanakoma. Kungoja samaki, kungoja mafuta, kungoja mvua ipite, hayo ni mapenzi yetu kwa kampuni. Kwa kuwa hatuna chumba cha kungojea, tunangoja katika mkahawa wa hapa Makadara wenye simu. Simu ikilia, meza nzima huacha kutafuna.

Mwezi wa Ramadhani Kapteni Athmani hupata mtihani wake. Hapa chini adhana imeshalia na watu wanakula tende, naye yuko juu, jua analiona kwa macho. Hafuturu mpaka lizame na kwake pia. Siku moja nilimwambia, "Kapteni, Mombasa wameshakula." Akanijibu, "Waache wale, Kiti. Mimi si mkaazi wa Mombasa sasa hivi." Hatumtaji kwa kulalamika. Tunataka ujue ni watu wa namna gani wanaokuchukulia mzigo wako.

MATATIZO

Tatizo letu ni mkataba. Ni wa miezi mitatu, na ukiisha hakuna barua ya kukufukuza. Jina lako halionekani tena kwenye orodha ya zamu, nawe unaelewa. Wako marubani wageni wenye uzoefu, nchi zao zimevunjika, wako radhi kuruka kwa nusu ya malipo yetu. Hatuwachukii. Njaa haina pasipoti. Lakini kila mmoja wetu hulala akijua kwamba nafasi yake ina mtu anayeingojea.

Kwa hiyo rubani akiona jambo baya, anapima mara mbili. Akikataa kuruka, halipwi yeye, halipwi msaidizi wake, wapakiaji wanarudi mikono mitupu, na jina lake linaonekana. Akiruka, pengine atafika. Mpaka sasa tumekuwa tukifika.

Sasa tunaifikia safari iliyovunjika. Ilikuwa mwezi uliopita, nami nilikuwa msaidizi. Rubani mkuu alikuwa Kapteni Shukri, mtu wa Mji wa Kale, aliyeanza kuruka kabla wengi wetu hatujavaa viatu. Ana mazoea ya kuizunguka ndege kwa miguu na kuutazama mguu wake wa mbele, ule ulioshika gurudumu. Ndege iliyopakiwa vizuri, mguu huo hubonyea. Ukiuona umenyooka, uzito wote umekaa mkiani, na ndege kama hiyo ikinyanyua pua haiteremshi tena. Asubuhi ile, pale uwanja wa ndege, mguu ulikuwa umenyooka wima.

Karatasi ya mizigo ilisema uzito uko sawa. Karatasi haikusema uongo. Ilisema uzito wa samaki. Masanduku ya nyuma yalikuwa yametiwa barafu mpaka vifuniko vikakataa kufunga, kwa sababu joto lilikuwa kali na mpakiaji alitaka kufanya kazi nzuri.

Bwana Ogutu alikuja akamwambia, "Kapteni, twende. Samaki hawangoji."

Kapteni Shukri akamjibu, "Hao samaki washakufa, Bwana Ogutu, wala hawana haraka. Wenye haraka ni sisi tulio hai. Ndoo hapa utizame."

"Nitatazama nini? Mimi si rubani."

"Una mato. Tizama."

Bwana Ogutu alitazama. Wapakiaji wakaambiwa washushe masanduku ya mkiani, na yalipokuwa yakishuka, mguu ulibonyea taratibu mbele ya macho yetu sote, mpaka ukakaa unavyotakiwa. Mimi nilikaa chini kwenye lami. Niliogopa, na ninasema wazi kwamba niliogopa, kwa sababu mara ngapi tuliruka hivyo bila kuutazama hatujui.

Lakini kushusha kulichukua muda, jua likapanda, hewa ikawa nyepesi mno kwa ndege nzee yenye shehena. Ikabidi tungoje jioni, na jioni mnunuzi alikwisha kununua kwa mwingine. Samaki waliharibika. Hasara ikatafutiwa mtu, na mtu akapatikana. Kapteni Shukri ametolewa kwenye zamu, na mkataba wake unakwisha wiki hii. Alipoulizwa kama anajuta alisema tu, "Heri nusu shari kuliko shari kamili," akaagiza chai.

Tunapenda ieleweke kwamba Bwana Ogutu si mtu mbaya. Yeye pia ana mkataba wa miezi mitatu.

OMBI

Tulipewa nafasi ya kuomba mambo mengi, na tulikuwa nayo. Tulitaka chumba cha kungojea, malipo ya saa za chini, bima, mikataba ya mwaka. Baada ya kujadiliana tumeyaweka yote kando, yatangoja siku nyingine. Leo tunaomba mawili.

La kwanza: mgeni rasmi, ghala hili unalolifungua lina milango miwili. Samaki wanaingia kwa huu wa barabarani, wanatoka kwa ule wa nyuma, wakiwa katika barafu. Tumeona mizani mipya imefungwa kwa saruji kwenye mlango wa kuingilia, kama alivyoiweka Mzee. Mvuvi apimiwe hapo, ni haki yake. Tunaomba mizani nyingine iwekwe mlango wa kutokea, na barafu nayo ipimwe. Tunaamini kwamba Mzee Jefwa, laiti angekuwa na ndege, angeiweka huko mwenyewe.

La pili: Kapteni Shukri arudishwe kwenye zamu, na isiwe kwa huruma. Tunaomba arudishiwe kazi yake kwa sababu aliifanya. Akiondoka yeye, hakuna rubani kijana katika kituo hiki atakayethubutu tena kusema hapana, na mimi nitakuwa wa kwanza kunyamaza.

Kuna jambo la mwisho, dogo. Tumearifiwa kwamba utarudi Nairobi alasiri hii kwa ndege yetu, umekaa kiti cha nyuma ya marubani, pamoja na shehena ya samaki inayotiwa barafu tunapozungumza. Ni heshima kubwa. Kwa bahati mbaya, Kapteni Athmani ameamka na mafua. Kapteni Wanza naye ana mafua. Marubani wakuu wengine waliopigiwa simu mkahawani asubuhi, wote wana mafua. Kanuni za usalama haziruhusu mtu mwenye mafua kuruka, kwa ajili ya masikio yake, na sisi ni watu wa kufuata kanuni.

Tusieleweke vibaya. Hatujagoma. Tunaumwa.

Rubani mkuu mzima aliyebaki kituoni ni mmoja, naye hayumo kwenye orodha. Yuko pale mlangoni, karibu na masufuria, amevaa sare yake. Mimi nimekubali kuwa msaidizi wake. Wapakiaji wameazima mizani sokoni, wameiweka mlango wa nyuma, na sanduku la kwanza liko juu yake. Hawatalishusha mpaka mtu mwenye amri aje alisome.

Mgeni rasmi, alasiri si mbali. Tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu umri, afya na baraka katika mali yako. Zaidi ya yote tunakuombea ufike kwako salama jioni hii, wewe na wale watakaokupeleka.

Ni sisi,
Umoja wa Marubani wa Mizigo, Jefwa na Wanawe,
Kituo cha Mombasa.