Kwa Nini Nimesimama Mahali Pamoja

Akina mama wenzangu, salaam aleikum kwa waliotoka malishoni, na Bwana asifiwe kwa sisi wa mashambani. Mtaniwia radhi nikisimama hapa karibu na dirisha bila kusogea. Walioniona jukwaani wanajua si tabia yangu. Sababu mtaisikia.

Mimi ni mkulima wa kijiji cha Wema, na kwa miaka mingi nimekuwa mwigizaji katika kikundi cha michezo ya amani hapa Garsen. Tulikuwa na sharti moja: mkulima aigize mfugaji, mfugaji aigize mkulima. Na kabla ya kumwigiza mtu wa upande wa pili, unakwenda kukaa naye, unamwomba ruhusa, anakufundisha. Heshima yetu yote ilikuwa hapo.

Mimi nilipewa kuwa mama wa Kiorma muuza maziwa. Nikamwendea mmoja anayeuza pale sokoni, jina lake silitaji. Alinikaribisha kwake siku tatu. Akanifundisha kukamua, kufukiza kibuyu moshi, kufunga mtandio. Siku ya kuondoka akanivisha mtandio wake mwenyewe, akasema anataka watu wamwone jukwaani, wajue naye ni mtu wa hapa.

Ndugu zangu, nawaambia, kicheko ni kitamu kuliko pombe. Wakati huo maigizo yalikuwa yameshaanza kufa. Ukumbi uligeuzwa ghala la mahindi ya msaada. Vijana walitazama vichekesho kwenye simu. Wafadhili walikuja siku moja, wakataka picha ya umati unaocheka, halafu hao. Kwa hiyo tulicheza sokoni, na watu wakaanza kuondoka katikati ya mchezo. Nikaogopa. Yule muuza maziwa, aliyekuwa sasa rafiki yangu, anachechemea, basi siku hiyo nami nikachechemea. Waliokuwa wakiondoka wakarudi. Nikazidisha. Nikaongeza na Kiswahili chake cha kukatakata, soko zima likavunjika mbavu, nami nikajiona bingwa.

Sikujua alikuwa amesimama wapi. Nilimwona tu akija mbele taratibu, kwa mguu wake ule ule, na kicheko kikakatika. Hakunitukana. Alinyoosha mkono akanivua mtandio wake, akaukunja, akaenda zake.

Wiki hiyo waigizaji wa upande wa wafugaji wakaacha kuja, na siwalaumu. Kikundi kikavunjika. Mimi nikajifungia Wema na jembe langu. Mume wangu akiniuliza jambo, namjibu kwa mkato. Garsen nikija napita nyuma ya soko, nanunua maziwa ya pakiti, mimi nisiyeyapenda kabisa. Niliona aibu, na wacha niseme kweli, nilimkasirikia pia kwa kunivua mbele za watu. Hasira hiyo ndiyo iliyonichelewesha mwaka mzima.

Mmoja wenu, wa kikundi hiki chetu cha akina mama, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, mnatujua sisi waigizaji. Rafiki yangu akanisikiliza jikoni kwake hadi mwisho. Kisha akasema, na sauti yake sitaiiga:

"Ulikaa kwangu siku tatu. Ulitazama mguu wangu siku tatu. Mbona hukuniuliza ulipatwa na nini?"

Akanieleza mwenyewe. Mafuriko yalipofunika mashamba, mtumbwi ulileta watu wa Wema kwenye mwinuko wanakokaa wafugaji. Yeye aliingia majini kuwapokea, mguu ukabanwa kati ya mtumbwi na gogo, ukavunjika. Watu wa kijiji changu, ndugu zangu. Nililia mbele yake, na hakunibembeleza.

Alisema msamaha wa kuombwa jikoni hautaki, kwa sababu nilimkosea sokoni. Basi nikarudi sokoni kichwa wazi, nikasimulia nilichomfanyia na jinsi mguu ule ulivyovunjika. Hakuna aliyecheka. Wengine waliondoka, mimi nikaendelea mpaka mwisho.

Siwezi kuwadanganya kwamba yote yamepona. Kikundi cha michezo tumekianza tena, lakini tulikuwa kumi na wawili, sasa tuko watano, na mfugaji aliyerudi ni mmoja tu. Ukumbi bado ni ghala. Mtandio hajanipa tena, wala siuombi. Namshukuru aliyenishika mkono, na mume wangu aliyenivumilia, na mfugaji yule mmoja aliyekubali kusimama nami tena. Na wewe unayetaka kuigiza, nakuachia hili: ukimwomba mtu mwendo wake, muulize pia aliupataje.

Rafiki yangu mwenyewe yumo humu ndani. Jana nilimwendea kumwomba ruhusa ya kuwasimulia haya. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Sema, lakini usitembee."